Nimetangazwa mshindi miaka mitatu baadaye. Nidai zawadi kwa aliyemtoa mama hospitalini?

Kwako mshauri,

Natumai u mzima. Nasoma safu hii kila wiki nikiwa kibandani, lakini sikudhani siku moja ningeiandikia. Naomba usitaje jina langu, wala mji ule wa Ulaya, wala kambi tuliyokuwa.

Nina miaka 33 na msichana mmoja wa miaka 9. Naishi Kawangware na nauza viatu vya mitumba. Kabla goti halijanikataa nilikuwa mkimbiaji wa kulipwa kwa miaka saba. Mazoezi yetu yalikuwa Ngong na Kibiko, na nilikaa ploti moja na mwenzangu tuliyetoka naye kijiji kimoja karibu na Nyahururu. Vyumba vyetu vilitazamana. Tulichanga pesa tukanunua friji ndogo ya mitumba, ikawekwa kwake kwa sababu soketi ya kwangu ilikuwa inatoa cheche. Shida yangu yote imeanzia kwenye hiyo friji.

Miaka mitatu iliyopita meneja wetu alitupeleka sote wawili kwenye nusu marathoni huko Ulaya. Kufika kilomita ya 12 tulikuwa tumebaki sisi wawili mbele. Sikuwa naangalia saa. Nilikuwa naangalia mgongo wake tu, na ile alama ya jasho iliyokuwa inapanuka kwenye fulana yake. Alikata utepe, mimi nikafika sekunde 11 baadaye. Ulikuwa muda wangu bora maishani, na sikuwahi kuukaribia tena. Yeye alikaa chini akatapika, na ni mimi niliyemfunika ile karatasi ya kung'aa wanayowapa wakimbiaji. Alipata euro 15,000. Mimi nikapata 8,000.

Mwaka huo mama yangu alikuwa ameanza kusafishwa damu kwa sababu figo zimechoka. Zawadi yangu iliishia huko, kwenye karo na kwenye madeni. Miezi michache baadaye alilazwa hapa Nairobi, na alipopata nafuu hospitali ikasema hatoki hadi bili ilipwe: shilingi 410,000. Tulifungua kundi la WhatsApp la mchango, tukapata 130,000. Nakumbuka nimesimama kwenye dirisha la keshia nikimwomba anipe wiki moja. Simu ikalia. M-Pesa, 150,000, jina la mwenzangu. Kabla sijamaliza kuusoma ujumbe ikalia tena: 130,000. Nilipompigia alisema, "Mtoe mama, tutaongea." Hatukuwahi kuongea.

Sasa nirudi kwenye friji. Wagonjwa wa figo kama mama hudungwa sindano ya kuongeza damu. Nimewahi kutumwa duka la dawa kuinunua mara kadhaa, na huwa naibeba kwenye thamosi yenye barafu kwa sababu haitakiwi kupata joto. Kile kisanduku nakijua hata gizani. Wiki tatu kabla ya safari ya Ulaya niliingia kwa mwenzangu kuchukua maziwa ya chai. Nyuma ya paketi kulikuwa na mfuko mweusi, nikaushika nikidhani ni nyama. Kilikuwa kisanduku kile kile. Nilimuuliza. Akasema damu yake imepungua, daktari amemwandikia. Nikasema sawa. Mshauri, mimi si mjinga. Nilijua ile dawa hufanya nini kwa mtu mwenye figo nzima anayejiandaa kukimbia kilomita 21. Nilirudisha mfuko mahali pake, nikachukua maziwa, nikaenda kupika chai.

Mwaka jana alipigwa marufuku miaka minne. Hawakupata dawa mwilini mwake. Walitumia pasipoti ya damu, vipimo vyake vya miaka kadhaa vilivyolinganishwa, na wakafuta matokeo yake yote kuanzia kabla ya mbio ile. Nyumbani anasema ameonewa, na watu wanamwamini. Anayejua habari ya friji ni mimi peke yangu.

Mwezi uliopita meneja akanitumia barua kwamba mimi sasa ndiye mshindi. Waandaaji watamdai mwenzangu arudishe zawadi, na ikirudi nitalipwa tofauti ya euro 7,000. Hiyo ni karibu milioni moja ya hapa kwetu. Natakiwa kusaini fomu kufikia mwisho wa mwezi. Ndani ya fomu kuna mstari unaosema nathibitisha kwamba sikujua wala sikuhusika na ukiukaji wowote wa kanuni za dawa katika mbio hizo. Meneja anasema, "Ni haki yako, saini tu."

Jumapili moja mwenzangu alikuja na gunia dogo la viazi kutoka nyumbani. Tulikaa tukimenya bila kuongea. Halafu akasema, "Ukidai itabidi niuze ile ploti niliyonunua, sina kingine." Nikanyamaza. Akaongeza, "Wewe ulikula, mama yako akala. Leo mwizi ni mimi peke yangu?" Neno hilo halijanitoka.

Mama hajui habari ya friji. Anajua tu kwamba kuna pesa. Ameniambia yule ni mtoto wake wa pili na hataki kusikia ninamdai. Ndugu yangu anasema nikidai, hiyo ni fadhila ya punda. Lakini mimi goti limeisha, ada ya shule iko, na ile ndiyo mbio pekee niliyowahi kushinda, kama nilishinda. Kwa sababu hata hilo silijui. Sikukata utepe. Nisingekuwa nyuma yake nisingekimbia muda ule. Na nilijua. Binti yangu aliona ile barua akaniuliza, "Mama, kwani wewe ulikuwa nambari moja ama mbili?" Nilimwambia akalale.

Nifanye nini?

Wa Pili, Kawangware

*

Dada mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale ulipochukua maziwa ukaenda kupika chai. Ungeweza kuniandikia habari ya pesa na meneja tu, nami nisingejua lolote. Umechagua kuniambia habari ya friji. Naona uzito uko hapo zaidi ya kwenye hizo euro, na nitakujibu nikiwa nimeliweka hilo akilini.

Kwa jinsi ninavyokusikia, una mizigo mitatu uliyoifunga kwa kamba moja, ndiyo maana kila ukiinua mmoja yote inakuja. Kuna ushindi: ni wako au si wako? Kuna fadhila: mtu aliyemtoa mama hospitalini unaweza kumdai? Na kuna kimya chako. Mwenzako alipokuuliza kama mwizi ni yeye peke yake, aliikaza kamba hiyo. Naomba tuilegeze kidogo.

Unasema usingekuwa nyuma yake usingekimbia muda ule. Huenda ni kweli. Lakini hebu niambie, ni mkimbiaji gani aliyewahi kukimbia muda wake bora peke yake barabarani? Kwenye Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, Kipchoge Keino alishinda dhahabu ya mita 1,500 kwa sababu, pamoja na mengine, Mkenya mwenzake Ben Jipcho aliongoza mzunguko wa kwanza kwa kasi ya kujiunguza, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, ili mpinzani wao mkuu, Jim Ryun wa Marekani, asiwe na raha. Jipcho mwenyewe alimaliza wa kumi. Hatusemi kwa sababu hiyo kwamba dhahabu ile si ya Keino. Kuvutwa na mgongo wa mwenzako ni sehemu ya kazi yenu, na miguu iliyoufuata mgongo ule kutoka kilomita ya 12 ilikuwa yako.

Hata hivyo sitaki kuifuta shaka yako haraka, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Jipcho alikuwa anatumia nguvu zake mwenyewe. Mgongo uliokuvuta wewe ulikuwa na kitu kingine ndani. Bila sindano ile huenda mngekwenda polepole, ukamshinda kwa spidi ya mwisho. Huenda pia kundi la nyuma lingewafikia, na wa tatu akawapita wote wawili. Hakuna anayeweza kuikimbia asubuhi ile upya. Kanuni inafanya kile inachoweza: inafuta jina moja na kuyasogeza mengine juu. Kwa hiyo ukiniuliza kama ulishinda, nitakujibu kwamba ulikuwa wa kwanza kati ya wale ambao kanuni haikuwapata na kosa. Kama hilo linatosha kuitwa ushindi moyoni mwako, ni wewe wa kulipima, na sidhani utalipima vizuri kabla hujatulia kuhusu friji.

Umetaja pia watu wawili tu katika jambo hili, wewe na yeye, kama vile mlikuwa peke yenu barabarani. Nyuma yenu kulikuwa na wa tatu, wa nne, na pengine mmoja aliyekosa zawadi kwa nafasi moja tu, akapanda ndege kurudi kwao na nauli ya kukopa. Kanuni za dunia za kupinga dawa za kusisimua misuli zinasema pesa zikirudishwa zigawiwe wale ambao wangezistahili kama aliyevunja kanuni hangeshiriki. Basi hata ukiamua kwa wema wako kumsamehe mwenzako, fungu lako tu ndilo ulilo na uwezo wa kulisamehe. La yule wa tatu hukupewa kulisamehe. Na ploti ile inaweza kudaiwa hata kama wewe hujasaini kitu.

Utakuwa umesikia habari ya Buzunesh Deba wa Ethiopia. Aprili 2014 alikimbia Boston kwa saa 2:19:59 akawa wa pili nyuma ya Rita Jeptoo wetu. Jeptoo akapatikana na EPO, jamaa wa dawa ile ile unayombebea mama kwenye thamosi, na mwaka 2016 matokeo yake ya Boston yakafutwa. Deba akawa bingwa kwenye vitabu. Pesa hazikuja, kwa sababu waandaaji walikuwa wanasubiri zirudishwe kwanza. Miaka ikapita, akazaa, akalea, miguu ikapoteza ubora wake. Mwaka 2024, miaka kumi baada ya mbio, mfanyabiashara mmoja Mmarekani aliyesoma habari zake alimtumia dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Hakuwa mwandaaji wala hakuwa na deni naye. Nakusimulia hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya mfukoni: usipange karo ya muhula ujao kwa euro 7,000 hizi, maana saini yako si pesa. Ya pili ni kwamba Deba aliendelea kusema waziwazi kuwa ile ni haki yake, na sijamsikia mtu akimwita mwenye tamaa. Unaruhusiwa kutaka kilicho chako. Naona kama kuna mtu amekufanya uone aibu kwa hilo, na huenda mtu huyo ni wewe mwenyewe.

Sasa zile shilingi 280,000. Nimezifikiria sana. Ndugu yako ameleta punda, na methali ile ina uzito kwa sababu sote tunamwogopa mtu asiyekumbuka wema. Lakini tazama hesabu hii bila hasira. Mbio ile ingeamuliwa kwa haki siku ile ile, ungerudi na euro 15,000. Ungefika kwa keshia na pesa zako mwenyewe, bila mchango wa WhatsApp, bila kumwomba wiki moja. Sehemu ya pesa alizokutumia zilikuwa, kwa namna fulani, zako. Wakati huo huo, hakulazimika kukutumia. Angeweza kununua ploti ya pili. Ulikuwa hujamwomba, na alituma mara mbili kwa dakika chache, kama mtu anayetoa kila alichonacho kwenye simu. Huo ni upendo, dada, na haukugeuka kuwa bandia siku alipopigwa marufuku. Mimi siwezi kukubali kwamba jambo moja kati ya haya mawili linalifuta lingine. Alikupunja na alikuokoa. Yeye ni yule yule.

Unachoweza kujiuliza ni kama siku ile alikupa zawadi au alinunua kitu. Alisema "tutaongea", na hamkuongea. Je, alikuwa anajua kwamba unajua? Wewe ulipozipokea, kuna sehemu yako iliyohisi kwamba mfuko mweusi sasa umefungwa mara mbili? Sijui, na wala sikushutumu. Mama alikuwa kitandani, na mtu mwenye mama kitandani hachunguzi pesa zimetoka wapi. Ila naona ni yeye, si wewe, aliyeugeuza wema ule kuwa deni, siku ile ya viazi. Kabla ya hapo ilikuwa ni pesa ya mtoto wa pili kumtoa mama yake hospitalini. Unaweza kumrudishia neno hilo bila kumrudishia pesa, na bila kuacha kudai.

Hata jibu la swali lake unalo. Hapana, mwizi si yeye peke yake. Ukifuatilia dawa ile ilikotoka utakuta mtu aliyeiuza, na pengine "daktari" aliyemfundisha kipimo na siku za kudunga. Hao hawajapigwa marufuku, na leo wako kwa msichana mwingine wa ploti nyingine. Wewe hukumuuzia wala hukumdunga. Ulinyamaza. Kunyamaza kwako kuna uzito wake, nitaufikia, lakini usikubali upimwe kwenye mzani mmoja na sindano.

Haya, fomu. Ule mstari wa "sikujua wala sikuhusika" una maneno mawili tofauti. Kuhusika, kwa unavyonieleza, hukuhusika. Kujua, umeniambia mwenyewe kwamba ulijua. Hapo sitakuficha ninavyoona: ningekuwa mimi, kalamu ingegoma kwenye neno la kwanza. Meneja anaposema "saini tu", hasemi kama mtu aliyeiona friji. Tena ana asilimia yake kwenye pesa zako, basi ushauri wake upokee ukilijua hilo. Mwambie akuulizie kwa waandaaji kama mstari ule ni wa lazima, na kwa nini umewekwa. Mtu kuulizia maana ya kile anachosaini si kukiri kosa.

Kabla hujaandika maelezo yoyote kwa mtu yeyote, tafuta wakili anayeelewa kesi za michezo. Hapa Nairobi wapo, maana kesi nyingi za pufya, yaani za dawa hizi, za wanariadha wetu husikizwa na Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, na mawakili wanaofika pale wanajulikana. Kanuni zinakataza kusaidia kosa au kulificha kwa makusudi. Mimi sidhani kurudisha mfuko nyuma ya paketi ya maziwa ndiko kulikokusudiwa, lakini mimi si wakili, na sitaki uende kutafuta amani urudi na kesi. Ukishajua umesimama wapi kisheria, ziko njia za kupeleka taarifa kwa siri, kwa shirika letu la kupambana na dawa hizo, ADAK, au kwa kitengo cha maadili cha riadha duniani, AIU. Unaweza kuamua kuzitumia au kutozitumia. Ila fikiria ni taarifa gani hasa. Mwenzako tayari anatumikia adhabu, friji haitamwongezea mengi zaidi ya aibu kule nyumbani. Aliyeuza kisanduku ndiye ambaye taarifa yako ingemfikia.

Na hapa kuna jambo ambalo pengine mwenzako hajaambiwa. Kanuni hizo hizo zinaruhusu adhabu ya mwanariadha kupunguzwa akisaidia kwa kweli kuwafichua wengine waliohusika. Kwake hilo ni mlango. Ni mlango mgumu, kwa sababu kuupita lazima aache kusema ameonewa, na watu waliomchangia huruma watamgeuka. Lakini kwa sasa amefungiwa ndani na uongo, na ufunguo umebaki kwako. Sidhani nyote wawili mnalala vizuri.

Njia zilizo mbele yako, kama ninavyoziona, hakuna iliyonyooka. Unaweza kuacha yote, ukaibakisha ile medali ya nambari mbili kwenye msumari wake. Utakuwa umelinda undugu, ila nina wasiwasi. Kila ada itakapochelewa utamkumbuka, na undugu unaolindwa hivyo huoza polepole bila mtu kusema neno. Unaweza kudai kila kitu, mstari ukiondolewa au ukiandikwa upya kwa namna unayoweza kuisaini. Hapo utapata haki yako, labda baada ya miaka, na huenda ukampoteza mama kwa muda, maana anampenda mwenzako kwa sababu anayoijua, na habari ya friji haijui. Wapo wanaochagua jina bila pesa: wanakubali kuandikwa washindi na kuliacha fungu lao. Hiyo inasikika vizuri masikioni, lakini jiulize kama goti lako na binti yako wanaweza kuimudu. Na iko njia ya katikati, kukaa naye chini mkapanga: arudishe pesa kwa awamu, asiuze ploti kwa bei ya kutupa, na zile 280,000 mziweke mezani mzihesabu pamoja, mkubaliane ni zawadi, ni deni, au ni sehemu ya malipo ambayo tayari yamefanyika. Waandaaji waulizwe kama wanakubali awamu. Hatari ya njia hii ni kwamba inahitaji watu wawili wanaosema ukweli, na hadi leo hamjaanza.

Kuhusu mama, sikuambii umwambie leo. Ni mgonjwa, na habari kwamba dawa inayomweka hai ndiyo iliyompotosha mtoto wake wa pili ni nzito kuibeba kwenye kiti cha kusafishwa damu. Ila anatoa uamuzi juu yako akiwa na nusu ya habari, na wewe unautii. Hilo nalo si haki kwake. Atakuwa na siku nzuri. Utaijua.

Binti yako je? Uliyemwambia akalale alikuuliza swali la kweli, na mtoto wa miaka 9 anaweza kupokea jibu refu. Unaweza kumwambia kwamba siku ile ulifika wa pili, kwamba baadaye ikajulikana wa kwanza alivunja sheria, na kwamba mama bado anafikiria inamaanisha nini. Akikuuliza kama yule shangazi wa viazi ni mtu mbaya, utakuwa umefika mahali pagumu, na nitafurahi kujua ulimjibu nini.

Umesema mlikaa mkimenya bila kuongea, halafu akaanza yeye, na alianza na ploti. Mwezi haujaisha. Mwite aje, au panda gari uende Nyahururu, na safari hii anza wewe. Usianze na euro. Muulize kuhusu ule mfuko mweusi, kabla hamjachukua visu.